Saratani ya tezi dume: Je, kuzima mishipa ya fahamu kunaweza kuwa tiba?

Tezi dume ni kiungo ambacho wanaume wengi hawakifikirii mpaka siku mkojo unapoanza kugoma. Lakini katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, saratani ya tezi hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2022 yanaonyesha kuwa wanaume wapatao milioni 1.5 waligundulika kuwa nayo, na karibu 400,000 walifariki kwa sababu yake.

Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, wanasayansi wamekuwa wakifuatilia jambo moja: kwamba uvimbe wa saratani hii haukui peke yake, bali unasaidiwa na mishipa ya fahamu iliyo karibu nao. Walipoizima mishipa hiyo kwa panya wa maabara, uvimbe ulishindwa kukua au kusambaa. Na baadhi ya dawa zinazozuia ujumbe wa mishipa hiyo ni dawa za zamani za presha na moyo, zile zile zinazopatikana katika maduka mengi ya dawa.

Hapo ndipo palipo na matumaini, na hapo hapo ndipo palipo na hatari. Habari ya namna hii ikikufikia kwenye simu kwa mistari miwili, inaweza kusomeka kama "dawa ya presha inatibu saratani". Utafiti haujasema hivyo. Katika makala haya tunaeleza umesema nini, umefikia wapi, na mwanaume mwenye ugonjwa huu leo afanye nini.

Tezi dume iko wapi, na mishipa ipi tunaizungumzia?

Tezi dume ni kiungo kidogo, karibu ukubwa wa ndimu ndogo, kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Mrija unaotoa mkojo nje unapita katikati yake. Ndiyo maana tezi ikivimba, mkojo unatoka kwa shida. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Wanaume wote wanayo tangu kuzaliwa, kwa hiyo "kuwa na tezi dume" si ugonjwa. Ugonjwa ni pale inapovimba au inapopata saratani.

Neno "mshipa" kwetu lina maana nyingi. Kuna mishipa ya damu, na wapo wanaoita hata ngiri "mshipa". Hapa tunazungumzia mishipa ya fahamu, yaani nyuzi zinazopeleka ujumbe kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye viungo, na kuurudisha. Ukigusa sufuria ya moto ukatoa mkono kabla hujafikiri, ni kazi ya mishipa hiyo.

Ipo mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila wewe kuiamuru, na imegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la dharura. Ukikutana na nyoka njiani, ndilo linalofanya moyo udunde kwa kasi na mwili uwe tayari kukimbia. Mishipa hii hutoa kemikali inayoitwa noradrenalini. Kundi la pili ni la utulivu. Ukishakula na kukaa kivulini, ndilo linalopunguza mapigo ya moyo na kusaidia tumbo kusaga chakula. Hili hutumia kemikali nyingine, asetilikolini. Tezi dume inapokea nyuzi kutoka makundi yote mawili.

Walichokiona kwa panya

Madaktari wamejua kwa miaka mingi kwamba seli za saratani ya tezi dume hupenda kutambaa kando ya mishipa ya fahamu, kama mmea unavyotambaa kwenye uzio. Wengi waliichukulia mishipa hiyo kuwa njia tu ya kupitia. Swali lililobaki ni kama mishipa yenyewe inafanya jambo lolote kuisaidia saratani.

Jibu kubwa lilikuja mwaka 2013. Claire Magnon, Paul Frenette na wenzao katika chuo cha tiba cha Albert Einstein, New York, Marekani, walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walitumia panya waliopandikizwa seli za saratani ya tezi dume ya binadamu, na wengine waliozalishwa ili wapate saratani hiyo wenyewe. Kisha wakaizima mishipa ya fahamu, kundi moja baada ya jingine.

Walipoiharibu mishipa ya dharura mapema, uvimbe ulishindwa kushika mizizi. Walipozuia ujumbe wa mishipa ya utulivu, saratani ilipunguza kusambaa kwenda sehemu nyingine za mwili. Kwa maneno mengine, kundi la kwanza lilionekana kusaidia saratani kuanza, na la pili kuisaidia kusafiri.

Watafiti hao pia walichunguza vipande vya tezi vilivyotolewa kwa wagonjwa 43. Waliona kwamba pale ambapo nyuzi za mishipa zilikuwa nyingi ndani na kando ya uvimbe, ugonjwa ulikuwa mkali zaidi. Hilo halikuthibitisha kwamba mishipa ndiyo iliyosababisha ukali huo, lakini lilionyesha kuwa jambo lililoonekana kwa panya huenda lipo kwa binadamu pia.

Kwa nini mishipa isaidie saratani?

Uvimbe ni kama kijiji kipya. Hauwezi kukua bila njia za kuletea chakula na hewa, na njia hizo ni mishipa ya damu. Mwaka 2017, kundi la Frenette lilieleza jinsi mishipa ya fahamu inavyohusika na ujenzi huo. Noradrenalini inayotolewa na mishipa ya dharura hufika kwenye seli zilizotandazwa ndani ya mishipa ya damu. Seli hizo zina kitu kama kitasa cha mlango, na noradrenalini ndiyo ufunguo. Ufunguo ukiingia, seli huendelea kuchipusha mishipa mipya ya damu, na uvimbe unapata lishe.

Kitasa hicho kilipoondolewa kwa panya, seli zilibadili namna zinavyotumia nishati yake, ujenzi wa mishipa mipya ya damu ukadorora, na uvimbe ukakosa wa kuulisha.

Mwaka 2019, Magnon na wenzake nchini Ufaransa walitoa matokeo mengine katika jarida la Nature. Waliona kwamba kwa panya, seli changa kutoka kwenye ubongo zinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye uvimbe wa tezi dume na huko zikageuka kuwa seli mpya za mishipa ya fahamu. Ina maana kwamba uvimbe hautumii tu mishipa inayoikuta pale, bali unaweza hata kupata mipya.

Vipi kwa binadamu?

Hapa ndipo tunapohitaji kwenda polepole, kwa sababu panya si mtu. Dawa nyingi zilizomponya panya zimeshindwa kumponya binadamu.

Kuna aina mbili za ushahidi kwa wanaume wenyewe. Ya kwanza ni majaribio madogo sana yaliyofanyika Marekani kwa wanaume waliokuwa wakisubiri kuondolewa tezi kwa upasuaji. Walichomwa Botox, sumu inayonyamazisha mishipa ya fahamu, upande mmoja wa tezi. Upande wa pili ulichomwa maji ya chumvi. Tezi ilipotolewa na kupimwa, seli za saratani zilizokufa zilikuwa nyingi zaidi upande uliochomwa Botox. Ni dalili nzuri, lakini wanaume hao walikuwa wachache mno, na jaribio halikupima kama mtu anaishi muda mrefu zaidi.

Ya pili inatokana na kumbukumbu za hospitali. Zipo dawa za presha na moyo, mfano propranololi, zinazoziba kile kitasa cha noradrenalini. Watafiti nchini Norway waliangalia kumbukumbu za wanaume 3,561 waliokuwa na saratani ya tezi dume iliyo hatari au iliyokwisha kusambaa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, waliokuwa wakitumia dawa za kundi hilo walikufa kwa saratani hiyo kwa kiwango kidogo kuliko wasiotumia. Hata hivyo, tafiti nyingine za aina hiyo katika nchi nyingine hazikuona tofauti.

Inawezekanaje tafiti zitofautiane? Fikiria wakulima wa kijiji kimoja. Unagundua kwamba wanaotumia mbolea fulani wanavuna zaidi. Je, ni mbolea? Huenda. Lakini huenda wanaonunua mbolea ndio hao hao wanaopanda mapema, wanaopalilia mara mbili na wenye shamba bondeni. Huwezi kujua kwa kuangalia magunia tu. Vivyo hivyo, mtu anayetumia dawa ya moyo huonana na daktari mara nyingi, na pengine ugonjwa wake huonekana mapema. Kinyume chake pia kinawezekana: ana magonjwa mengine yanayompunguzia siku.

Ndiyo maana bwana shamba hutengeneza shamba darasa: udongo mmoja, mbegu moja, siku moja ya kupanda, nusu inapewa mbolea na nusu haipewi. Katika tiba, jaribio la namna hiyo huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, kisha wanafuatiliwa kwa miaka. Mpaka majaribio makubwa ya aina hiyo yaonyeshe faida, kuzima mishipa ya fahamu kunabaki kuwa utafiti. Hakujawa tiba.

Kwa nini usianze kumeza dawa hizo leo?

Mtu anaweza kujiuliza: kama dawa ni ya zamani na bei yake si kubwa, kuna ubaya gani kujaribu?

Ubaya upo. Propranololi hupunguza kasi ya moyo na kushusha presha. Kwa mtu ambaye presha yake ni ya kawaida au iko chini, inaweza kumwangusha. Kwa mwenye pumu, inaweza kubana njia za hewa na kuhatarisha maisha yake. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, inaweza kuficha dalili za sukari kushuka, kama vile moyo kwenda mbio na kutetemeka, asijue kuwa yuko hatarini. Na aliyeizoea akiiacha ghafla, moyo wake unaweza kupata matatizo. Kwa hiyo ukiwa unaitumia kwa agizo la daktari, usiiache kwa sababu ya makala haya. Na kama hujaagizwa, usiianze.

Lakini kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi, nao ni muda. Mwanaume anayemeza vidonge nyumbani kwa miezi sita akidhani anajitibu, anaipa saratani miezi sita ya kukua. Ugonjwa uliokuwa ndani ya tezi, ambao ungeweza kuondolewa wote, unaweza kufika kwenye mifupa. Hilo ni kweli kwa vidonge vya dukani, na ni kweli kwa mizizi na unga unaouzwa kwa ahadi ya kuponya.

Mishipa hiyo ina kazi nyingine

Kama mishipa inaisaidia saratani, mbona madaktari wasiikate tu? Kwa sababu mwanaume anaihitaji. Nyuzi zinazopita pembeni mwa tezi dume ndizo zinazosimamia nguvu za kiume, na nyingine jirani husaidia kudhibiti mkojo.

Zamani, wanaume wengi waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi walipoteza nguvu za kiume. Mwaka 1982, daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alifanya upasuaji wa kwanza wa makusudi wa kuitoa tezi huku akiikwepa mishipa hiyo, baada ya kujifunza njia yake pamoja na daktari Mholanzi, Pieter Donker. Tangu hapo madaktari wa upasuaji wamekuwa wakijitahidi kuilinda mishipa hiyo pale ambapo saratani haijaifikia.

Kwa hiyo watafiti wana kazi ngumu: kunyamazisha ujumbe unaoisaidia saratani bila kumwondolea mtu uwezo wa kuishi maisha yake ya kawaida. Ndiyo maana wengi wanatazama dawa zinazoziba kitasa kimoja, badala ya kisu kinachokata kila kitu.

Wazo la namna hii limewahi kufanikiwa

Kuinyima saratani ujumbe inaoutegemea si jambo geni. Mwaka 1941, daktari Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walionyesha kwamba saratani ya tezi dume hutegemea homoni ya kiume, testosteroni. Walipoondoa korodani za wagonjwa, au walipowapa homoni ya kike, saratani iliyosambaa ilirudi nyuma kwa wengi na maumivu ya mifupa yakapungua. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Mpaka leo, kupunguza testosteroni kwa sindano au kwa upasuaji ni tiba kuu ya saratani ya tezi dume iliyosambaa. Kwa kawaida haiimalizi kabisa, kwani baada ya muda saratani nyingi hujifunza kuishi bila homoni hiyo nyingi. Lakini inaweza kumpa mtu miaka ya maisha yenye nafuu. Ikiwa utafiti wa mishipa ya fahamu utafanikiwa, huenda ukaongezwa kwenye tiba zilizopo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba utazifuta.

Mwanaume afanye nini leo?

Hatari huongezeka kwa umri, hasa kuanzia miaka 50. Wanaume wenye asili ya Afrika, na wale ambao baba au ndugu yao wa kiume aliugua, wako kwenye hatari kubwa zaidi, na wengi hushauriwa kuzungumza na daktari kuhusu vipimo tangu miaka 45 au hata 40.

Saratani hii mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Mkojo kutoka kidogo kidogo, kukatika, au kuamka usiku mara nyingi kwenda chooni kunaweza kutokana na tezi kuvimba tu kwa umri, bila saratani. Lakini usijipimie mwenyewe. Damu kwenye mkojo, maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, na kupungua uzito bila sababu ni mambo ya kupeleka hospitali haraka. Miguu ikianza kufa ganzi au kulegea ghafla, hiyo ni dharura.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa PSA. Kikiwa juu hakimaanishi moja kwa moja kuwa una saratani, kwa sababu maambukizi na uvimbe wa kawaida pia hukipandisha. Daktari anaweza pia kuipima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi huogopa kipimo hiki au kukionea aibu, lakini huchukua muda mfupi na hakipunguzi uanaume wa mtu. Uhakika hupatikana kwa kuchukua vipande vidogo vya tezi na kuvichunguza maabara.

Ikithibitika, njia ni kadhaa: kuifuatilia kwa karibu bila kuitibu kwanza ikiwa inakua polepole, upasuaji, mionzi, dawa za homoni, au dawa kali za saratani. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Tanzania ina Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na huduma za saratani zipo pia Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Kenya ina Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Uganda ina Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago, Kampala.

Na ikitokea mtu akakuambia ana dawa mpya ya kuzima mishipa inayolisha saratani, muulize maswali matatu. Imejaribiwa kwa watu, au kwa panya tu? Walikuwa watu wangapi, na walilinganishwa na nani? Daktari wangu anaijua? Tena, jaribio halali la tiba huwa na kibali cha kamati ya maadili, mgonjwa huelezwa hatari zake na kutia saini, na hauziwi dawa hiyo ya majaribio.

Utafiti huu umetuonyesha kwamba uvimbe wa saratani una marafiki ndani ya mwili, na kwamba siku moja huenda marafiki hao wakanyamazishwa. Siku hiyo haijafika. Mwenye dalili asiisubiri, na mzee wa nyumbani anayeamka mara tano usiku msimwache aseme ni uzee tu. Msindikizeni akapimwe.